Fasiri za Neno "Authority" katika Kiswahili: Mwenye Nguvu na Mwenye Haki

Utangulizi

Mwanafunzi anayekumbana na neno la Kiingereza "authority" aghalabu hukimbilia neno moja la Kiswahili, yaani mamlaka. Kamusi humuunga mkono, na mara nyingi hakosei. Hata hivyo, neno hilo la Kiingereza limebeba maana kadhaa ambazo Kiswahili huzitenga kwa maneno mbalimbali. Makala haya yanadhamiria kuzibainisha maana hizo na kuonyesha kwamba kuzichanganya si dosari ya mtindo pekee. Fasiri mbovu yaweza kumficha msomaji ni nani anayestahili kumwamuru, na kwa msingi gani.

Mamlaka na Nguvu

Mamlaka ni neno lenye asili ya Kiarabu, kutokana na mzizi uliotupa pia miliki, milki na malkia. Katika Kiarabu, neno hilo humaanisha ufalme, na hadi leo limo katika jina rasmi la Saudia. Kiswahili kiliihamisha maana yake kutoka kwa nchi inayotawaliwa hadi kwa haki ya kutawala. Mwenye mamlaka ni yule ambaye haki yake ya kuamuru inatambuliwa na wanaoamriwa.

Utambuzi huo ndio unaoyatenga mamlaka na nguvu. Wahenga walilijua hili. Waliposema mwenye nguvu mpishe, hawakudai kwamba mwenye nguvu ana haki. Walishauri tu kwamba aepukwe. Waliposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walimzungumzia mtu ambaye neno lake linafaa kusikizwa hata kama hana fimbo mkononi.

Tamthilia ya Kigogo (2016) ya Pauline Kea inatoa mfano bora. Majoka anaitawala Sagamoyo kwa vitisho na kwa askari. Hatimaye Kingi, mkuu wa polisi, anakataa kutii amri ya kuwapiga raia risasi. Majoka angali anaamuru kama jana, lakini amri haina tena wa kuitekeleza. Inabainika kwamba nguvu alizojivunia zilikuwa mikononi mwa wengine, na kwamba mamlaka yalikwisha kumponyoka kitambo.

Madaraka na Idhini

Madaraka nayo hufungamana na cheo. Umoja wake, daraka, humaanisha jukumu au wajibu. Kwa hiyo mwenye madaraka, kwa asili ya neno, ni mtu aliyebebeshwa kazi. Historia ya Kenya inaithibitisha tofauti hii. Tarehe 1 Juni 1963 nchi ilipata serikali ya ndani, na Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu, ilhali Gavana wa Uingereza alibaki na masuala kama vile ulinzi na mambo ya nje. Siku hiyo iliitwa Madaraka. Uhuru kamili ulisubiri hadi tarehe 12 Disemba mwaka huo huo.

Idhini ni finyu zaidi: ni ruhusa ya kutenda jambo mahususi. Tuchukue mfano wa askari anayebisha hodi usiku akitaka kupekua nyumba. Bunduki yake inampa nguvu ya kuingia. Cheo chake kinampa madaraka ya kuchunguza uhalifu. Lakini kwa kawaida huhitaji pia idhini ya mahakama, yaani kibali cha upekuzi kinachohusu nyumba hiyo. Mfasiri akiyaita yote haya mamlaka, mwenye nyumba hatajua aulize nini mlangoni.

Taasisi na Wataalamu

Neno hilo hilo la Kiingereza hutumiwa pia kuzitaja taasisi za umma. Hapa Tanzania na Kenya zimetofautiana. Tanzania ina Mamlaka ya Mapato, ilhali magazeti ya Kenya yamezoea kuandika Halmashauri ya Ushuru na Halmashauri ya Bandari. Kwa Mtanzania, halmashauri ni baraza, kama vile Halmashauri ya Wilaya. Msomaji wa Dodoma anaweza kudhani kwamba bandari ya Mombasa inaendeshwa na madiwani.

Aidha, Kiingereza humwita mtaalamu anayeaminika katika taaluma yake kwa neno lilo hilo. Kusema kwamba fulani ni "mamlaka katika isimu" ni kuukopa muundo wa kigeni bila haja, kwani Kiswahili kina gwiji, bingwa na mbobezi.

Funzo kutoka kwa Wafasiri wa Biblia

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version walikabiliana na tatizo hili mapema. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 7, Yesu anaelezwa kuwa alifundisha kama mwenye amri. Katika sura ya 28 anatangaza kwamba amepewa mamlaka. Neno la Kigiriki ni moja katika sehemu zote mbili, yaani exousia. Wafasiri hao waliutazama muktadha: pale pa kwanza ni uzito wa kauli, pale pa pili ni haki ya kutawala.

Hitimisho

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kwa hiyo kufasiri sheria na nyaraka za serikali si zoezi la darasani tu. Kabla ya kuandika mamlaka, mfasiri hana budi kujiuliza: Je, anayetajwa anatiiwa kwa kuwa anaogopwa, kwa kuwa ana cheo, kwa kuwa ameruhusiwa, au kwa kuwa haki yake inakubaliwa? Kiswahili kina neno kwa kila jibu. Raia anayeyapata maneno hayo yakiwa yamepambanuliwa anaweza kumwuliza anayemwamuru: umepewa na nani, na mpaka wake ni upi?