Pensheni ya wazee: kwa nini wengi wa Shituru hawaipati

Ukimuuliza mzee wa Shituru habari za pensheni, jibu lake litaanzia Gécamines. Kampuni ndiyo iliyotoa mshahara, mposho wa unga, hospitali na shule ya watoto. Halafu ikaanguka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Walipewa fedha mara moja, na fedha zikaisha.

Fedha zile hazikuwa pensheni, ingawa wengi tunachanganya. Pensheni hutoka CNSS, mfuko wa serikali ulioshika mahali pa INSS kwa sheria ya Julai 2016. Mfanyakazi hukatwa 5% ya mshahara, mwajiri naye anatoa sehemu yake. Akifika miaka 60 anaweza kuomba, kama miezi ya michango inatosha. Mjane naye ana haki kwa michango ya marehemu mume wake, na hili wamama wengi hawajaambiwa. Kwa hiyo karatasi za mshahara za zamani, hata zilizoguswa na mchwa, msizichome.

Lakini mama aliyeuza makala na mihogo sokoni miaka 40 atapeleka karatasi gani? Hakuwa na mwajiri. Kwa CNSS ni kama hakufanya kazi.

Zanzibar walipita njia nyingine. Aprili 2016 serikali yao ilianza kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka bajeti yake yenyewe, bila kuuliza alifanya kazi wapi. Ni fedha kidogo, lakini zinarudi kila mwezi. Kenya nayo inawapa wazee wa miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii.

Huko kinachoulizwa ni umri, na hapo sisi tungekwama. Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Daftari za ubatizo zipo katika makanisa yetu, nyingine za zamani sana. Hata Paulo, akimwandikia Timotheo juu ya orodha ya wajane, alitaja miaka 60. Mashemasi wanaowatembelea wazee waende na kalamu: jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi aliyofanya, na namba ya INSS kama ingali inaonekana.