Softiboli: Mashoto naye aweza kuwa mdakaji, kikwazo ni glavu

KATIKA kila watu kumi, takriban mmoja hutumia mkono wa kushoto. Kwa hivyo, mkufunzi anayewakusanya watoto 40 katika uwanja wa Kamukunji, Kibera, au katika kiwanja cha shule kule Kawangware ili awafunze softiboli, atarajie kupata mashoto watatu au wanne miongoni mwao. Aghalabu hatamweka hata mmoja wao nyuma ya mpigaji. Atawapeleka besi ya kwanza, uwanja wa nje au, wakibahatika, katika mduara wa mrushaji.

Ukimuuliza sababu, atakujibu kwamba mdakaji sharti awe wa mkono wa kulia. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, ila ukweli wenyewe ni mdogo kuliko unavyodhaniwa, na kwa watoto ni mdogo zaidi. Kikwazo kikubwa kimo ndani ya gunia la vifaa. Laweza kukung'utwa lote lisitoe glavu hata moja ya mdakaji inayovaliwa mkono wa kulia.

Msomaji aliyelelewa na kandanda huenda akahitaji maelezo hapa. Katika softiboli, wachezaji tisa husimama uwanjani huku wapinzani wakipiga mpira kwa zamu. Mrushaji huurusha mpira kwa kuupitisha mkono chini ya kiuno, mpigaji hujaribu kuugonga kwa kigongo, naye mdakaji huchutama nyuma yake kuupokea ule uliomponyoka. Anayefaulu kuupiga hukimbilia besi, ambazo huachana kwa futi 60, yaani mita 18.29. Mtoto aliyezoea kucheza kati, akiukwepa mpira huku na huku, huelewa upesi mambo ya kukimbia na kulenga. Kinachomshinda mwanzoni ni kuupokea mpira badala ya kuukwepa.

Mrushaji huvaa glavu katika mkono ambao hautumii kurusha, na kila mchezaji uwanjani hufanya vivyo hivyo. Anayerusha kwa mkono wa kulia huvaa glavu mkono wa kushoto, na mashoto huivaa mkono wa kulia. Hapo ndipo hoja za wanaowakataa wadakaji mashoto huanzia.

Hoja ya kwanza inahusu besi ya tatu. Wapigaji wengi ni wa mkono wa kulia, nao husimama upande wa kushoto wa mdakaji, yaani upande uleule ambao mashoto anatumia kurusha. Mkimbiaji akijaribu kuiba besi ya tatu, mashoto hulazimika kumzunguka mpigaji na kugeuza mwili kabla ya kurusha. Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa maoni yetu. Mkimbiaji anayekuja nyumbani hutokea upande wa besi ya tatu, kushoto kwa mdakaji. Mwenye glavu mkono wa kushoto humgusa kwa kuunyoosha mkono tu, ilhali mashoto hana budi kuivusha glavu mbele ya kifua chake. Muda anaoupoteza ni mfupi mno, lakini mchezo huu huamuliwa kwa muda mfupi kama huo.

Hata hivyo, hoja hizo zilikuzwa katika besiboli ya watu wazima, ambapo mkimbiaji huruhusiwa kunyemelea mbali na besi kabla mpira haujarushwa. Katika softiboli haruhusiwi kuiacha besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Isitoshe, wapigaji wa mkono wa kushoto ni wengi katika softiboli ya wasichana, kwani husimama karibu zaidi na besi ya kwanza na wengi hufunzwa kuugusa mpira huku wakianza mbio. Mpigaji wa aina hiyo akiwapo, njia ya mashoto kurusha besi ya tatu huwa wazi kabisa. Na mkimbiaji anayezubaa kwenye besi ya kwanza yumo hatarini, kwa kuwa bega la mbele la mashoto tayari limeelekea huko.

Historia nayo haiungi mkono marufuku hiyo. Jack Clements, aliyetumia mkono wa kushoto, alidaka katika zaidi ya mechi 1,000 za ligi kuu za besiboli nchini Marekani kati ya 1884 na 1900. Baada yake walififia, hata Benny Distefano wa Pittsburgh Pirates alipodaka katika mechi tatu mwaka wa 1989 likawa jambo la kusimuliwa. Sababu mojawapo ni kwamba kocha akimwona mtoto mashoto mwenye mkono wenye nguvu, humfanya mrushaji mara moja. Nyingine ni mzunguko usio na mwanzo: glavu hazitengenezwi kwa wingi kwa sababu wadakaji mashoto ni wachache, nao ni wachache kwa sababu glavu hazipatikani.

Kwetu, mzunguko huo huongezewa uzito na mila. Wapo wazee mitaani wanaokumbuka kuchapwa vidole kwa kushika kalamu kwa mkono wa kushoto, na hadi leo kumpa mtu kitu kwa mkono huo huonekana kama utovu wa adabu. Mtoto aliyekwisha kuambiwa nyumbani kwamba mkono wake ni mbaya hatauliza uwanjani kwa nini hakupewa glavu.

Baadhi ya wakufunzi hudhani wamepata suluhisho kwa kumvisha mashoto glavu iliyopo na kumwagiza arushe kwa mkono wa kulia, au kuisukumiza glavu ya kushoto katika mkono wake wa kulia. Njia zote mbili hazifai. Ya kwanza humwondolea mtoto kipaji chake, na ya pili ni hatari. Mfuko wa glavu umeshonwa kati ya kidole gumba na cha shahada, na sponji nene imewekwa mahali kiganja kinapokutana na mpira. Ukiivaa mkono usio wake, gumba huingia mahali pa kidole cha mwisho na mfuko huenda kombo. Mpira wa softiboli wa kawaida una mzingo wa inchi 12, sawa na sentimita 30.5, na uzito wa hadi gramu 198. Kwa watoto wa chini ya miaka 12 hurushwa kutoka futi 40, karibu mita 12 tu. Mpira huo haukipi kidole gumba nafasi ya kujitetea.

Habari njema ni kwamba vifaa vingine vya mdakaji havichagui mkono. Kofia yenye wavu wa chuma usoni, kinga ya kifua na vikinga vya miundi hutumiwa na wote. La kuangalia ni kinga ya kifua yenye kipande cha ziada begani. Kipande hicho kikiwa cha kubandua, mashoto hukibandua upande wa kushoto ili mkono wake uzunguke bila kukwama. Kwa hivyo, timu yenye uwezo mdogo haihitaji seti mbili. Inahitaji glavu moja ya ziada.

Ipatikane wapi? Kuiagiza kutoka ng'ambo kunawezekana, ila juu ya bei kuna nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Anayeagiza asome herufi kwa makini. LHT humaanisha anayerusha kwa mkono wa kushoto, si glavu ya kuvaliwa mkono wa kushoto, na RHT ni kinyume chake. Wauzaji wengine huandika tu kwamba glavu ni ya kushoto, na hapo mnunuzi hana budi kuuliza kabla ya kulipa. Aulize pia kama ni ya softiboli. Mpira wa besiboli una mzingo wa takriban sentimita 23 tu, na glavu iliyoundwa kwa ajili yake ina mfuko mdogo. Glavu ya mdakaji wa softiboli hupimwa kwa mzingo wake, aghalabu inchi 33 hadi 35.

Njia nyingine ni wafadhili. Pitch In for Baseball & Softball, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka wa 2005, limewahi kukusanya vifaa vilivyotumika na kuvituma kwa watoto wasio navyo. Anayeomba kutoka kwa wahisani wa namna hiyo na ataje mkono. Asipotaja, ataletewa walivyo navyo wengi.

Uhaba wa vifaa si wa Nairobi pekee. Dennis Kasumba, mdakaji kutoka Uganda, alijulikana ulimwenguni kupitia video zake akifanya mazoezi kwa magurudumu ya gari na vifaa vya kujitengenezea, na mwaka wa 2023 akachezea Frederick Keys nchini Marekani. Nchi yake ilikuwa imekwisha kupeleka vijana wa Lugazi katika mashindano ya dunia ya Little League mwaka wa 2012. Kenya kwa upande wake ilishiriki Kombe la Dunia la Baseball5 jijini Mexico City mwaka wa 2022. Mchezo huo huchezwa kwa mpira laini bila kigongo wala glavu, kwa hivyo mashoto hatengwi, lakini pia hauna mdakaji.

Kuna mbinu ambayo wakufunzi wengi hawaifikirii. Sheria humruhusu mdakaji kutumia glavu ya besi ya kwanza, na kwa kuwa mashoto hupendwa sana katika besi hiyo, glavu zao ni rahisi zaidi kupatikana kuliko za mdakaji. Ina sponji chache, hivyo inafaa kwa watoto wadogo ambao warushaji wao hawajapata kasi.

Fundi wa viatu naye asisahaulike. Kushona upya kamba za ngozi zilizokatika na kuongeza tabaka la sponji kiganjani ni kazi anayoiweza. Mwenye ujasiri zaidi aweza kuibomoa glavu kuukuu ya mkono wa kushoto, akageuza vigezo vyake upande wa pili na kukata ngozi mpya, ambayo huuzwa Kariokor. Glavu ya namna hiyo ijaribiwe kwanza na mtu mzima, kwa mpira unaorushwa polepole.

Na anayepekua mitumba katika soko la Toi, hatua chache kutoka Kibera, asitegemee maandishi ambayo huenda yamefutika. Aingize mkono wa kulia. Gumba likikaa mahali pake na mfuko ukitazama mbele, hiyo ni ya mashoto. Kisha aukunje mfuko na kuufungua mara kadhaa, akague mishono ya kidole gumba, kwani hapo ndipo glavu kuukuu huanza kuachia.