Queens Boulevard: Wakazi Waliodai Barabara Isiyoua

Queens Boulevard ni barabara kuu ya Queens, mojawapo ya wilaya tano zinazounda jiji la New York, Marekani. Inaanzia karibu na daraja la Queensboro, linalovuka kuingia Manhattan, na kwenda takriban kilomita 12 hadi eneo la Jamaica. Mahali ilipo pana zaidi ina njia 12 za magari, na kuna sehemu ambazo upana wake unazidi mita 60. Pande zote mbili zimejaa magorofa ya makazi, shule, maduka, nyumba za ibada na vituo vya treni. Kati ya mwaka 1990 na 2014 watu 186 waliuawa na magari katika barabara hii moja, na 138 kati yao walikuwa wakitembea kwa miguu. Mwaka 1997 peke yake ulichukua watembea kwa miguu 18. Magazeti ya jiji yakaibandika jina la Barabara ya Mauti.

Kwa miaka mingi vifo hivyo vilihesabiwa kuwa bahati mbaya au uzembe wa mtu mmoja mmoja. Wakazi ndio waliokataa maelezo hayo. Walishikilia kwamba pale watu wanapokufa mwaka baada ya mwaka mahali palepale na kwa namna ileile, kosa limo katika barabara yenyewe, na kilichojengwa na binadamu kinaweza kujengwa upya.

Barabara kuu katikati ya makazi

Daraja la Queensboro lilifunguliwa mwaka 1909. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya Queens ilikuwa mashamba na vijiji vilivyotawanyika. Daraja liliifungua wilaya nzima kwa makazi, na barabara za zamani zikaunganishwa na kupanuliwa ili kuyapeleka magari huko. Katika miaka ya 1920 na 1930, reli ya chini ya ardhi ilipokuwa ikichimbwa, barabara ilipanuliwa tena. Mwaka 1941 ulitolewa mpango wa kuigeuza iwe barabara ya mwendo wa kasi isiyokatizwa na makutano, lakini Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaukatiza.

Barabara ikabaki na umbile la njia ya masafa marefu, huku mazingira yake yakiwa ya mtaa wa watu. Vituo vya treni vilivuta magorofa, magorofa yakavuta maduka, na maelfu ya watu wakawa wanalazimika kuivuka kila siku kwenda kazini, sokoni na shuleni. Wakati huohuo madereva kutoka vitongoji vya mashariki waliitumia kukimbilia Manhattan, kwa kuwa daraja la Queensboro halikuwa na malipo kama yale ya handaki la jirani.

Kilichoifanya iue

Sababu ya kwanza ni upana. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde, hivyo mita 60 humchukua sekunde 50. Mzee anayekwenda mita 0.9 kwa sekunde huhitaji sekunde 67. Maeneo ya Forest Hills na Rego Park, ambayo barabara hii inayapitia, yana wazee wengi. Taa ya kuvukia iliwaishia wakiwa bado katikati, na waliobahatika walisimama juu ya kisiwa chembamba huku magari yakiwapita mbele na nyuma.

Sababu ya pili ni mwendo. Barabara pana iliyonyooka humwambia dereva akanyage mafuta, hata kibao kikisema vingine. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husogea karibu mita 17 katika sekunde moja ambayo dereva anatambua hatari na kupeleka mguu kwenye breki. Hadi lisimame kabisa juu ya lami kavu, limekwenda mita 36 hivi. Kwa kilomita 40 kwa saa, umbali huo hupungua hadi mita 20. Mtoto aliyejitokeza mita 25 mbele ya gari hufikiwa katika mwendo wa kwanza, na katika mwendo wa pili gari husimama kabla ya kumgusa.

Sababu ya tatu imo katika mpangilio wa njia. Queens Boulevard ina njia za katikati kwa magari ya masafa, na njia za pembeni kwa wanaokwenda madukani na majumbani. Kati ya hizo mbili kulikuwa na mianya ambayo gari liliweza kutoka katikati na kuchomoka pembeni bila kusimama. Aliyekuwa akivuka njia ya pembeni alitazama upande magari yalikotarajiwa, kisha akagongwa na lililochepuka kutoka katikati kwa kasi ileile ya barabara kuu.

Sababu ya nne ni uchache wa vivuko. Mahali pengi kivuko kilikuwa mbali mno na kituo cha basi au mlango wa duka, na watu walikata katikati ya barabara kwa sababu hiyo ndiyo njia ambayo maisha yao ya kila siku yalidai.

Uzio, vibao na lawama

Vifo vya miaka ya 1990 vilipozidi kuandikwa magazetini, hatua za kwanza za jiji zilimlenga mtembea kwa miguu. Uzio ulijengwa kwenye visiwa vya kati kuwazuia watu kuvuka pasipo na taa. Vibao viliwekwa kuwaonya kwamba mtu amekwisha kuuawa hapo akivuka. Baadhi ya taa za kuvukia ziliongezewa sekunde, na kikomo cha mwendo kikashushwa kutoka maili 35 hadi 30 kwa saa, yaani kutoka kilomita 56 hadi 48.

Hatua hizo zilisaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vifo vilipungua sana vikilinganishwa na miaka mibaya zaidi. Hata hivyo barabara ilibaki na upana wake, mianya yake na kasi yake, na watu waliendelea kufa. Uzio ulimfundisha mtembea kwa miguu kuogopa, lakini haukumbadilisha dereva.

Wafiwa waingia ulingoni

Madai ya kubadili barabara yenyewe yalibebwa na watu wa aina tatu. Wa kwanza walikuwa wakazi wa kawaida wa Sunnyside, Woodside, Elmhurst na Forest Hills. Wa pili ni wanaharakati wa Transportation Alternatives, shirika la New York lililoanzishwa mwaka 1973 kutetea waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Wa tatu, ambao sauti yao ilikuwa nzito kuliko zote, ni wafiwa. Mama mmoja ambaye mwanawe aliuawa akiwa juu ya baiskeli mwaka 2008 aliomba kwa miaka kadhaa njia ya baiskeli iwekwe katika barabara iliyomchukua mtoto wake, akirudia ombi hilo kila mahali alipopewa nafasi ya kusema.

Mwaka 2014 familia zilizopoteza ndugu katika barabara mbalimbali za jiji ziliunda Families for Safe Streets. Zilikwenda kwa wenye mamlaka na picha za marehemu mikononi, zikieleza jinsi kila mmoja alivyokufa na ni badiliko gani lingemwokoa. Mwaka huohuo meya Bill de Blasio alitangaza sera ya Vision Zero, iliyotokana na msimamo uliopitishwa na bunge la Sweden mwaka 1997: kwamba hakuna idadi ya vifo vya barabarani inayokubalika, na kwamba barabara ijengwe ikijua kuwa binadamu hukosea, ili kosa lake lisigharimu uhai.

Familia zilitambua mapema mahali mamlaka yalipo. Jiji la New York halikuwa na uwezo wa kushusha kikomo cha mwendo cha jiji zima bila idhini ya bunge la jimbo, lililoko Albany. Kwa hiyo zilisafiri hadi Albany kuwashawishi wabunge. Sheria ilipita Juni 2014, na kuanzia tarehe 7 Novemba mwaka huo kikomo cha kawaida jijini kikawa maili 25, sawa na kilomita 40 kwa saa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2024, familia hizo ziliwezesha kupitishwa kwa sheria nyingine inayoliruhusu jiji kushusha kikomo hadi maili 20 katika barabara zake nyingi. Sheria hiyo ina jina la mvulana wa miaka 12 aliyegongwa na gari Brooklyn mwaka 2013.

Barabara yajengwa upya

Mapema mwaka 2015 Idara ya Usafiri ya jiji iliwaita wakazi wa Woodside kwenye mkutano wa usanifu. Watu walikaa mezani mbele ya ramani za barabara yao, wakaonyesha kivuko wanachokiogopa, kona ambayo magari hayasimami, na kituo ambacho abiria hushuka pasipo na njia ya kuvuka. Idara ilichukua maelezo hayo pamoja na takwimu zake za ajali na kuchora mpango.

Kazi ilianza mwaka 2015 kwa kipande cha takriban kilomita mbili, kutoka Roosevelt Avenue hadi mtaa wa 73. Mwaka 2016 ilisogea hadi Eliot Avenue, na mwaka 2017 hadi Yellowstone Boulevard. Mianya ya kuchepukia ilifungwa au kuwekewa alama ya kumlazimu dereva asimame kabla ya kuingia pembeni. Vivuko vipya viliongezwa, na visiwa vilipanuliwa ili anayevuka apate mahali salama pa kusubiri. Kandokando ya visiwa hivyo ikapita njia ya waendao kwa miguu na njia ya baiskeli iliyotengwa na magari. Njia za pembeni zilipunguzwa, na gari likakosa nafasi ya kukimbia mbele ya milango ya watu.

Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilifanywa kwanza kwa rangi, alama na nguzo za plastiki, kazi za saruji zikiachwa zije baadaye. Njia hiyo ni rahisi na ya haraka, na kasoro inayoonekana hurekebishwa kabla haijagharimu fedha nyingi.

Waliopinga

Si kila mkazi aliyeafiki. Nafasi nyingi za kuegesha magari ziliondolewa, na wenye maduka walihofia kupoteza wateja. Wengine waliona njia ya baiskeli kuwa anasa ya wachache. Hofu hizo zilikuwa za kweli kwa waliokuwa nazo, na zilisikika katika baraza za mitaa, ambazo wajumbe wake hujitolea bila mshahara na kulishauri jiji. Mei 2016 baraza la eneo la Elmhurst na Corona liliupitisha mpango huku likiikataa njia ya baiskeli. Kwa kuwa kauli ya baraza ni ushauri tu, meya aliamuru kazi iendelee kama ilivyochorwa. Kipande cha mwisho, cha Forest Hills na Kew Gardens, kilipingwa zaidi, na kazi yake ikacheleweshwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuendelea.

Hoja iliyowapa nguvu wadai usalama ilikuwa matokeo ya vipande vilivyotangulia. Tangu kazi ilipoanza mwaka 2015 hadi mwishoni mwa 2017, hakuna mtembea kwa miguu wala mwendesha baiskeli aliyeuawa katika Queens Boulevard. Baada ya hapo wamekuwapo waliouawa, kwa hiyo kazi haijaisha. Lakini barabara iliyozika watembea kwa miguu 18 katika mwaka mmoja imekuwa na miaka mizima bila msiba wa aina hiyo.

Dar es Salaam na barabara za shule

Ukweli huohuo, kwamba kubadili barabara huokoa watu, umepimwa Afrika Mashariki. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilikusanya kaya kwa kaya habari za watoto waliojeruhiwa barabarani kuzunguka shule za msingi, kisha likabadili mazingira ya shule hizo: matuta, vivuko vya pundamilia, vibao, njia za waendao kwa miguu, na pale ilipofaa lango la shule kuhamishwa lisifunguke kwenye barabara yenye magari mengi. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa kazi na zisizofanyiwa ulionyesha kuwa majeraha yalipungua kwa angalau asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kwanza ya kimataifa ya miji ya kituo cha utafiti cha WRI Ross Center.

Yanayohitajika kwa wakazi

Queens na Dar es Salaam zinaonyesha mpangilio mmoja. Kwanza ni kumbukumbu: tarehe, saa, mahali na namna ya kila ajali, zikiandikwa na wakazi wenyewe pale ambapo takwimu za polisi hazitoshi. Pili ni kumjua mwenye barabara. Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na za mijini na vijijini chini ya TARURA. Kenya, KeNHA husimamia barabara kuu za kitaifa na KURA barabara za mijini. Barua iliyopelekwa kwa asiyehusika hufia mezani.

Tatu ni kudai badiliko linalotajwa kwa jina lake: tuta mahali fulani, kivuko mbele ya kituo fulani, kisiwa katikati ya barabara fulani. Ombi la jumla la usalama hujibiwa kwa kampeni ya kuwaasa watu wawe waangalifu, ilhali ombi la tuta lina majibu mawili tu, ndiyo au hapana. Nne ni kufuatilia baada ya ujenzi, kwa kuwa rangi ya kivuko hufutika, nguzo huvunjwa na matuta hulika. Wakazi wanaoendelea kuhesabu ajali baada ya kazi kukamilika ndio wanaoweza kuthibitisha kilichofaa, kudai kirekebishwe kilichoharibika, na kuupatia mtaa wa pili ushahidi utakaoulinda.