Joto la oili: geji kwanza, rejeta baadaye

Sehemu ya Pili

Mshale wa joto ulio kwenye dashibodi ya gari hupima maji ya rejeta, haupimi oili. Na hata maji yenyewe hauyapimi kwa ukamilifu. Katika magari mengi ya Kijapani, mshale ukishafika katikati hutulia papo hapo, ingawa joto la maji linaweza kuwa limepanda nyuzi kumi na zaidi. Watengenezaji waliufanya hivyo makusudi, dereva asipate wasiwasi kila anapopanda mlima. Ndiyo maana dereva anayetoka Lwamgasa saa nane mchana na shehena ya mawe ya dhahabu, gia ya pili, barabara mbovu, hutazama dashibodi na kuamini kwamba injini yake ni salama, kumbe oili iliyo kwenye sampu imekwisha kufika nyuzi 130.

Katika sehemu ya kwanza nilieleza madaraja ya oili na maana ya namba zilizoandikwa kwenye dumu. Leo nalijibu swali ambalo wenye magari wa huku Geita huliuliza sana: je, nifunge rejeta ya oili? Jibu langu ni kwamba wengi wao hawaihitaji, ila geji wanaihitaji wote.

Tuanze na kazi ya oili yenyewe. Tumezoea kusema kwamba inalainisha, na ni kweli, lakini pia inapoza sehemu ambazo maji hayafiki kabisa: beringi za krankishafti, upande wa chini wa pistoni, na kwenye injini yenye tabo, ile shafti inayozunguka maelfu kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika huku moshi wa moto ukipita kando yake. Injini inayofanya kazi kwa afya huwa na oili ya nyuzi 90 hadi 110. Zaidi ya hapo uharibifu huenda kwa kasi. Wahandisi wana kanuni ya makadirio kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya oili kuchakaa kwa kuungana na oksijeni huongezeka maradufu. Oili iliyokusudiwa kudumu kilomita 5,000 haitafika huko ikiwa inaishi kwenye nyuzi 130.

Tena huwa nyepesi. Oili ya daraja la 40, ikipimwa kwenye nyuzi 100, inatakiwa kuwa na uzito wa mtiririko kati ya sentistoki 12.5 na 16.3. Joto likizidi, uzito huo hushuka, presha hushuka nao, na ule utando mwembamba unaotenganisha chuma na chuma hukatika. Mlio unaofuata kila fundi anaujua. Injini imenoki.

Sasa tuitazame Geita. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu uko juu zaidi ya hapo. Kwenye mwinuko huu maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100. Hewa nayo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kila upepo unaopita kwenye rejeta hubeba joto pungufu. Hilo peke yake halitoshi kuua injini. Ongeza vumbi jekundu la Nyarugusu lililogandamana na wadudu wa ziwani katikati ya mapezi ya rejeta, ongeza mfuniko wa rejeta uliochoka usioshika presha, kisha ongeza mzigo uliozidi uwezo wa gari. Hapo ndipo magari yetu yanapokufa.

Kuna jambo jingine lililobadilika karibuni. Safari ya Mwanza hadi Geita zamani ilikatwa na kivuko cha Kigongo–Busisi; gari lilisimama kwenye foleni, injini ikazimwa, ikapoa. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, gari linapita moja kwa moja bila kusimama. Ni faraja kubwa kwa abiria na kwa wagonjwa, lakini injini iliyokuwa ikipumzishwa na kivuko sasa haina pumziko, na mwenye gari bado anabadilisha oili kwa mazoea ya zamani.

Pamoja na hayo yote, baridi nayo inaua injini, na hapa sina budi kusema wazi juu ya tabia moja ya gereji zetu. Gari likichemsha, mafundi wengi hung'oa themostati na kuitupa. Gari halichemshi tena, mteja anashukuru, analipa. Kuanzia siku hiyo injini inafanya kazi ikiwa vuguvugu. Kila lita moja ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji. Sehemu kubwa hutoka na moshi, lakini kiasi fulani hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye sampu. Oili ikikaribia nyuzi 100 maji hayo hugeuka mvuke na kutoka. Ikibaki nyuzi 60 hayatoki. Yanachanganyika na masizi na mabaki ya mafuta, na kuwa tope zito linaloziba chujio la pampu ya oili. Teksi inayozunguka kati ya sokoni na Nyankumbu kutwa nzima, safari fupi fupi, bila themostati, inaharibika kwa baridi katika mji wa joto. Ukiifungia gari hiyo rejeta ya oili umeizidishia ugonjwa.

Ndiyo sababu nasema geji kwanza. Geji ya joto la oili itakuambia kama una tatizo la moto, tatizo la baridi, au huna tatizo lolote.

Geji ya presha ina umuhimu kupita ile ya joto. Taa nyekundu yenye picha ya kibuyu cha oili huwashwa na swichi ambayo hugutuka presha ikiwa imekaribia sifuri. Ikiwaka barabarani, mara nyingi beringi zimekwisha kuguswa. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina geji ya presha tangu kiwandani, na wenye nazo wajifunze kuitazama. Probox, Noah na IST hazina. Kwa injini ya 1HZ, ile ya dizeli yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, Toyota inataka presha isiyopungua paundi 4 kwa inchi ya mraba ikiwa kwenye sailensa, na kati ya paundi 36 na 85 kwenye mizunguko 3,000. Ukiona geji yako ilikuwa ikisoma 50 kwenye mwendo ule ule na joto lile lile, na mwezi huu inasoma 38, bado uko ndani ya kiwango, lakini injini imekwisha kukuonya.

Kufunga geji si kazi kubwa, ila ina mitego. Sensa ya presha hukaa kwenye tundu la swichi ya kiwandani. Kwenye Toyota tundu hilo lina meno ya kipimo cha Kijapani, 28 kwa inchi, wakati sensa nyingi zinazouzwa zina meno ya Kimarekani, 27 kwa inchi. Zinaonekana sawa. Zitaingia mizunguko miwili mitatu, fundi atalazimisha, na bloku itaharibika au itavuja. Nunua adapta sahihi. Tumia kiungo cha matawi matatu ili swichi ya taa nyekundu ibaki kazini, wala usikining'inize na sensa yake nzito moja kwa moja kwenye bloku, kwa maana mtikisiko wa dizeli utakivunja na oili yote itamwagika barabarani; kitanguliwe na hosi fupi, halafu kifungwe imara kwenye bodi. Sensa ya waya mmoja inatumia chuma cha injini kama njia ya kurudishia umeme, kwa hiyo ukiizungushia tepu nyingi ya kuzuia kuvuja itasoma uongo. Umeme uchukuliwe kwenye waya unaowaka na swichi ya gari, kupitia fyuzi. Na usikubali geji ya kizamani inayoleta kijibomba cha oili ya moto mpaka ndani, mbele ya magoti ya dereva.

Tembea na geji hizo mwezi mzima kabla ya kuamua lolote. Safari zote, na mzigo wote. Kama joto la oili halivuki 115, weka fedha yako mfukoni.

Nani basi anahitaji rejeta ya oili? Kwanza, aliyeongeza tabo kwenye 1HZ. Injini hiyo ilitoka kiwandani bila tabo, nayo ina kipoza oili chake kinachotumia maji, kilichopimwa kwa nguvu ile ya asili. Pili, anayebeba mawe kutoka kwenye maduara hadi mialo ya uchenjuaji kila siku, kwa gia ndogo, mahali ambapo mwendo hauleti upepo. Huyu wa pili, kwa maoni yangu, angefaidika zaidi kwa kupunguza tani moja.

Ukithibitisha kwa geji kwamba unaihitaji, chagua adapta ya kukaa kati ya filta na bloku iliyo na themostati yake ndani, inayofunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Bila themostati usifunge. Rejeta yenyewe isizibe uso wa rejeta ya maji, maana utapoza oili kwa kuyachemsha maji. Isikae chini ya bampa pia. Changarawe za barabara ya vumbi zitaitoboa, na tundu dogo tu linatosha kumaliza oili kwa dakika chache. Iwekee wavu mbele. Hosi ziwe za kustahimili oili ya moto, tundu lisipungue milimita 12, na vichwa vyake vibanwe kwa mashine na fundi wa hosi za haidroliki. Hosi ya maji yenye klipu ya bisibisi ni hatari: asubuhi oili ikiwa nzito presha hupanda sana, na ndipo inapochomoka.

Kabla ya kuwasha, zuia mafuta yasifike kwenye injini, kisha piga stata mpaka geji ionyeshe presha. Rejeta na hosi hubeba nusu lita hadi lita nzima, kwa hiyo zima, subiri, pima kwa kijiti na ongeza. Kagua viungo vyote baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya wiki.

Kwa yeyote ambaye themostati ya gari lake ilitupwa, nunua mpya wiki hii, safisha rejeta ya maji, badilisha mfuniko wake, halafu ndipo uende kutafuta geji. Sehemu ya tatu itahusu filta ya hewa na vumbi.