Bumu, Boriti na Mafuta: Safari za Kaskazi kati ya Ghuba na Unguja

Majira ya baridi yanapoingia Bara la Asia, nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, hewa nzito hujikusanya juu yake na kuteremka kuelekea ikweta. Huo ndio upepo wa kaskazi, unaovuma katika pwani ya Afrika Mashariki takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na ambao kwa karne nyingi uliwafikisha Unguja mabaharia wa Sur, Ras Al Khaimah na Kuwait. Wengi wa Wakuwaiti hao walizamia lulu wakati wa joto, kisha baridi ilipokaribia wakapakia tende na kutweka tanga kuelekea kusini.

Chombo chao kikubwa kilikuwa bumu, jahazi lililochongoka mbele na nyuma, nacho kilikuwa makazi yao kwa miezi mingi mfululizo. Baharia alilala juu ya sitaha, popote mzigo ulipomwachia nafasi. Chakula kilipikwa hapo hapo, maji yaligawiwa kwa kipimo kutoka katika tangi la mbao, na choo kilikuwa kisanduku kilichoning'inizwa nje ya ubavu. Mshahara haukuwapo: faida ya safari ilikatwa mafungu, la mwenye chombo, la nahodha na la kila baharia, na aliyekopa kabla ya kuondoka angeweza kurudi kwao akiwa bado anadaiwa. Maisha hayo yanajulikana kwa undani kwa sababu Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda bumu la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi huko Aden mnamo Desemba 1938, akafika nalo Zanzibar na delta ya Rufiji, kisha akachapisha kitabu chake, Sons of Sindbad, mwaka 1940.

Katika bandari ya Malindi, Unguja, vyombo viliposubiri upepo ugeuke, kazi haikukoma. Maji yalipokupwa, vilipwelewa katika hori la Funguni, mabaharia wakavikalafati, yaani wakaziba nafasi za mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Sehemu ya chini ikapakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaozuia wadudu watoboao mbao, na sehemu ya juu ikasuguliwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu kali. Walioondoka mapema walisafiri kusi, yaani upepo wa kusini, lilipoanza tu, kwa kuwa mnamo Juni na Julai upepo huo huwa mkali mno. Waliochelewa walingoja demani, mwishoni mwa kusi.

Mzigo wa kurudi ndio unaoeleza vyema kwa nini pande hizo mbili zilihitajiana. Ghuba haikuwa na miti ya kujengea, hivyo boriti za mikoko zilikatwa Rufiji na Lamu, zikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kupelekwa kuezekea nyumba za Kuwait. Boriti isiyopinda chini ya dari zito la mawe na chokaa huwa na urefu wa mita tatu hivi, na kipimo hicho ndicho kilichoamua upana wa vyumba huko na katika Mji Mkongwe wa Unguja pia: chumba kiliweza kurefushwa apendavyo mwenyewe, lakini hakikuweza kupanuliwa.

Mapema mwaka 1938, mwaka ule ule Villiers alipopanda bumu, mafuta yalikuwa yamegunduliwa Burgan, kusini mwa Kuwait. Vita vya Pili vya Dunia vilichelewesha uchimbaji, shehena ya kwanza ikauzwa nje mwaka 1946, na katika miaka michache nyumba za saruji na nondo zikaondoa haja ya boriti, huku visima vya mafuta vikiwapa mabaharia mshahara wa kila mwezi ambao bahari haikuwahi kuwapa. Ni haki kuuhesabu mshahara huo kuwa nafuu kwa watu waliorithishana madeni ya lulu, ingawa kwa mafundi na wachukuzi wa Malindi maana yake ilikuwa kupungukiwa na wateja mwaka hadi mwaka. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yalipofika, biashara hiyo ilikuwa imekwisha kudhoofika.

Zanzibar nayo ilijitungia sheria ya utafutaji wa mafuta na gesi mwaka 2016, na mwaka 2018 ikatia saini mkataba wa kitalu cha bahari ya Pemba na Unguja na RAK Gas, kampuni ya Ras Al Khaimah, kulikotoka baadhi ya mabaharia wale wa kaskazi.