Mshipa Umekuwa Mwembamba, Je, Damu Inatosha?

Akina mama wengi wa kwetu, kifua kikiwabana wakipanda ngazi, husema ni gesi au vidonda vya tumbo. Hunywa maji ya tangawizi, wakaketi kidogo, maumivu yakapoa, wakarudi jikoni. Tumchukue mama wa namna hiyo, mkaazi wa Bondeni mjini Nakuru, mwenye kisukari na shinikizo la damu. Bintiye amempeleka kwa daktari, naye daktari anashuku kuwa mishipa inayoulisha moyo imekuwa myembamba. Swali lililoikabili nyumba hiyo ni zito: mama apasuliwe, awekewe stenti ya kuupanua mshipa, au dawa zinatosha?

Kwamba moyo una mishipa yake ya kuulisha si habari ngeni katika elimu ya Waislamu. Tabibu Ibn al-Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288, aliandika kuwa moyo hupata chakula chake kwa mishipa iliyopenya ndani ya mwili wake. Mishipa hiyo ikizibwa na mafuta, msuli wa moyo hupata njaa.

Hata hivyo, wembamba peke yake hautoi hukumu. Mpira wa kumwagilia bustani ukibonyea, huwezi kujua kwa kuutazama tu kama maji yatafika kwenye mche. Hutazama nguvu ya maji yanayotoka upande wa pili. Ndivyo ulivyo mshipa wa moyo: mmoja huonekana umebanwa sana lakini hupitisha damu ya kutosha, na mwingine ulioonekana afadhali ndio unaounyima moyo riziki yake.

Njia iliyozoeleka ya kupima ni kupitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono au kinena hadi moyoni, kisha waya wenye kipimo cha shinikizo. Daktari hulinganisha shinikizo la damu baada ya mahali palipobanwa na lile la kabla yake. Mshipa mzima hutoa 1. Ukifika 0.80 au chini, upungufu huhesabiwa kuwa wa maana. Ukizidi hapo, mara nyingi dawa hutosha.

Siku hizi hesabu hiyo yaweza kukadiriwa bila mrija kufika moyoni. Mgonjwa hulala kwenye mashine ya CT, hudungwa dawa yenye madini ya ayodini inayoing'arisha mishipa, hubana pumzi kwa muda mfupi, na picha hupigwa. Kisha kompyuta huunda mfano wa mishipa yake na kukadiria mwendo wa damu ndani yake. Marekani iliiruhusu njia hii mwaka 2014, na taasisi ya NICE ya Uingereza ikaipendekeza mwaka 2017. Faida yake ni kuwaepusha baadhi ya wagonjwa na mrija wasiouhitaji.

Familia ya Nakuru huenda ikaelekezwa Nairobi, mwendo wa kilomita 160 hivi, au Eldoret. Kabla ya kufunga safari, ulizeni mambo matatu: je, mashine hiyo hupiga picha za mishipa ya moyo? Je, hesabu ya mwendo wa damu inapatikana? Na bima italipa kiasi gani? Hesabu isipopatikana, msikate tamaa. Picha ya CT ikionyesha mishipa safi, peke yake ni habari njema, na vipo vipimo vingine vya kuujaribu moyo ukiwa kazini.

Mweleze daktari kama una mimba, ugonjwa wa figo, au uliwahi kudhurika kwa dawa ya ayodini. Anayetumia metformini aulize kama ataisimamisha. Acha kahawa kama ulivyoagizwa, kwani moyo unaokwenda mbio huharibu picha. Pini za mtandio na mikufu viache nyumbani. Kwa kuwa vibandiko huwekwa kifuani, mama ana haki ya kuomba mhudumu mwanamke mapema. Na siku ikiangukia Ramadhani, zungumza na daktari na shekhe wako. Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Jambo moja lisisahauliwe: kipimo hiki ni cha mgonjwa aliyetulia. Maumivu ya kifua yasiyokoma, jasho baridi, pumzi kukatika, au maumivu yanayopanda taya na mgongo, hayangoji miadi. Kwa wanawake dalili zaweza kuwa uchovu mzito na kichefuchefu tu. Hapo kimbilieni hospitali iliyo karibu, saa hiyo hiyo.

Enyi mabinti na wana, mama akisema ni gesi kwa mara ya tatu, msikubali. Mshikeni mkono. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.