Karatasi Zichomwazo kwa Ajili ya Wafu

Katika nchi ya Uchina iko sikukuu iitwayo Qingming, nayo kwa kawaida huangukia tarehe 4 au 5 Aprili. Siku hiyo watu wa jamaa moja huenda pamoja kwenye makaburi ya wazee wao, wakang'oa magugu, wakafagia, wakaandika vyakula na matunda. Kisha huwasha moto na kuchoma karatasi.

Karatasi hizo si takataka. Nyingine zimepakwa rangi ya dhahabu au ya fedha, na nyingine zimepigwa chapa mfano wa noti za benki. Tena wako mafundi watengenezao nyumba, nguo na farasi kwa karatasi na mianzi, na siku hizi hata motokaa na simu. Watu huvinunua ili waviteketeze, maana huaminiwa ya kuwa kigeukacho moshi hapa chamfikia marehemu huko aliko, asiwe na uhitaji.

Wasomaji wapenzi, tusiwacheke. Shina la desturi hii ni neno jema, yaani mtoto amtunze mzazi wake, wala kifo kisimfutie deni hilo. Ndiyo sababu jambo hili liliwalemea sana Wachina walioingia Ukristo. Aliyekataa kuchoma karatasi aliweza kuhesabiwa na nduguze kuwa amemtupa baba yake.

Padre Matteo Ricci, Mwitalia aliyefika Beijing mwaka 1601, aliona ya kuwa heshima wapewazo wazee zaweza kuwa adabu tu, wala si ibada. Wamisionari wengine walimpinga, na baada ya kufa kwake mabishano yakazidi, hata mwaka 1742 Papa Benedikto XIV akawakataza Wakatoliki desturi hizo. Lakini tarehe 8 Desemba 1939 amri nyingine ilitoka Roma: Mkatoliki wa Uchina aweza kuinamisha kichwa mbele ya maiti, au picha ya marehemu, au kibao kilichoandikwa jina lake tu.

Hapo twaweza kupambanua mambo mawili. Ainamaye asema, "Baba, nakukumbuka." Achomaye fedha asema, "Baba, wahitaji mali yangu." Neno la kwanza Mkristo aweza kulisema kwa moyo wote. La pili hawezi, kwa kuwa amekwisha kumweka baba yake mikononi mwa Mungu.

Basi, Wakristo wengi wa huko hufika makaburini siku ya Qingming pamoja na ndugu zao. Hufagia, huweka maua, husali. Moto hawauwashi, lakini kazi ya kupalilia hawawaachii wengine.

Nasi wenye nyumba na walimu tujiulize: makaburi ya wazee wetu yapaliliwa na nani? Na wazee walio hai, je, twawatunza? Aachaye moto asiache na ufagio.